Mguu wa Cherehani

Mguu wangu wa kulia ni mkongwe wa mbio.
Miaka kumi na tisa umekanyaga pedeli
pale Mbuyuni, kibarazani kwa Mama Ndeshi,
umepita sare za shule, mashuka ya hospitali,
magauni ya kipaimara, suti mbili tatu za marehemu,
na haujawahi kufika hata Kiboriloni.

Wa kushoto ndio mwanafunzi.

Viatu nilivipata Memorial, fungu la Jumanne,
elfu kumi na nane baada ya mabishano.
Soli zimelika upande wa nje:
aliyevivaa kwanza, popote alipo,
alikuwa akitua kwa ukingo wa wayo.
Sasa nami natua vivyo hivyo.
Nimerithi mwendo wa mtu nisiyemjua.

Aikande ameniandikia ratiba nyuma ya kalenda ya Saccos.
Jumanne tano. Alhamisi saba. Jumapili, ndefu.
"Ndefu kiasi gani?"
"Mama. Ndefu."

Saa kumi na moja alfajiri mji bado ni wa mbwa
na wa muuza maziwa anayetoka Kibosho,
yeye akishuka na madumu, mimi nikipanda na kifua.
"Mama, unamkimbia nani?"
Wiki ya kwanza sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Wiki ya nne pumzi ilikuwepo, jibu halikuwepo.

Maana Kiswahili chetu kina uchoyo hapa,
kinampa neno moja anayetoroka na anayejinoa.
Deni hukimbiwa. Nyuki hukimbiwa.
Baba yake Aikande alikimbia, ndivyo wasemavyo majirani,
na mimi nilimwona akipanda basi la saa nne
taratibu, shati limepigwa pasi,
pasi niliyoipiga mwenyewe.

Basi nachomeka silabi moja katikati, kama kiraka:
kukimbilia.
Wapi, sijui bado. Kiraka kimekaa.

Mteja mmoja akanitupia methali,
mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Nikamwambia suruali yako ni Ijumaa.

Wageni husimama barabarani mawingu yakifunguka,
wanautazama Kibo midomo wazi.
Mimi natazama mashimo.

Halafu ikaja Jumapili ya kumi na nane.
Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha,
udongo mwekundu ukaning'ang'ania soli
kama watoto wanaotaka kubebwa.
Kilomita ya kumi na nne, karibu na daraja la Karanga,
shavu la mguu likakaza kama ngumi.
Nikakaa juu ya jiwe. Nikalia, si kwa maumivu tu,
nikalia kama mtu aliyeahirisha siku nyingi,
na kwaya ya misa ya kwanza ilikuwa ikipita kwa miguu,
majoho meupe, mapindo yote nimeyashona mimi,
na hakuna aliyenitambua.

Nikayatazama mapindo yakienda.
Joho moja lina mita nne za pindo.
Hakuna fundi anayeshona mita nne.
Unashona pale sindano ilipo.

Nikasimama. Nikashona hadi nyumbani.

Siku hizi muuza maziwa haulizi tena,
anagonga kengele ya baiskeli mara moja, basi.

Na leo ni Jumamosi, kesho ndiyo yenyewe.
Nusu marathoni, kilomita ishirini na moja na vijisenti.
Wamenipa namba, elfu mbili mia tatu na sita,
na pini nne za kubania.
Pini! Mimi?
Nimekaa kitandani naishona kwa mkono kifuani pa fulana,
mishono midogo, uzi mweupe uliobaki wa majoho.
Gauni la Mama Kileo halijaisha. Litangoja Jumatatu.

Chini, kwenye saruji, hakuna pedeli,
lakini wa kulia unakanyaga kwa mazoea,
na wa kushoto, bila kuambiwa na mtu,
unaitikia.